Kozi ya maandalizi ya aljebra kwa mtoto anayesomea nyumbani Nairobi: tuanze na makosa yake, jina la kozi lifuate

Mwanzisha uzi

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wazazi tunaosomesha watoto nyumbani hapa Nairobi huulizana swali lilelile: mtoto amemaliza hisabati ya Gredi ya 6, au kiwango kinacholingana nayo, sasa tumpe kozi gani itakayomwandaa kwa aljebra? Majibu huja kwa majina ya kozi za Kimarekani. Mmoja hutaja Saxon, mwingine Math-U-See, wa tatu husifu vijitabu vya kujisomea vya ACE, na wa nne husema Khan Academy ya mtandaoni inatosha kwa kuwa ni ya bure. Kila mmoja husema kweli kuhusu mtoto wake, lakini mtoto wa jirani si mtoto wako. Nimefundisha hisabati darasani, kisha nikawafundisha wanangu nyumbani, na msimamo wangu ni kwamba jina la kozi liwe jambo la mwisho kuamuliwa. Kwanza tujue mtoto anakosea wapi na kwa nini. Kisha tujue ni mtihani gani unaomngoja mbele.

Ni vyema kuelewa kwamba kozi hii, kama somo linalojitegemea, ni utaratibu wa Marekani. Huko mwanafunzi wa darasa la 7 au la 8 hupewa mwaka mzima wa nambari hasi, sehemu, uwiano, asilimia, vipeo na milinganyo myepesi, ndipo aingie kozi ya kwanza ya aljebra. Mtaala wetu haukupangwa hivyo. Katika hisabati ya Gredi ya 7 iliyoandaliwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, aljebra ni mada kuu mojawapo, sambamba na nambari, vipimo, jiometri, na data pamoja na uwezekano. Mwanafunzi hukutana na milinganyo mwaka huohuo, kisha huirudia kwa kina zaidi katika Gredi ya 8 na ya 9. Mtaala wa Cambridge wa Uingereza nao huigawa aljebra katika miaka yote mitatu ya sekondari ya chini. Kwa hiyo mzazi anayeagiza kozi ya Kimarekani anapata kwa mkupuo mmoja yale ambayo mtoto wa shule ya kawaida hapa angeyapata kidogo kidogo, na anapoihama kozi hiyo katikati ya mwaka ili kuingia mtaala mwingine, mapengo hayaepukiki.

Sasa nije kwenye makosa, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Kabla hamjatumia hata shilingi moja, kaeni na mtoto, mpeni karatasi na kalamu, msimpe kikokotoo, na mwombeni aeleze kila hatua kwa sauti. Alama atakazopata hazina uzito mkubwa kama maelezo yake.

Mwandikieni hivi: 8 + 4 = __ + 5. Watoto wengi wenye alama nzuri huandika 12, na wengine huandika 17. Aliyeandika 12 anaiona alama ya sawasawa kama amri ya kuandika jibu; aliyeandika 17 amejumlisha kila kilicho mbele yake. Jibu ni 7, kwa kuwa pande mbili za alama hiyo lazima zilingane. Huenda ikaonekana ni hitilafu ndogo, lakini fikirieni mtoto huyo atakapokutana na 2x + 5 = x + 9. Hapo hakuna mahali pa kuandika jibu, kuna pande mbili tu zinazodaiwa kuwa na thamani moja, na mtoto asiyeiona alama hiyo kama mzani hatakuwa na sababu yoyote ya kutoa x pande zote mbili. Atakariri tu kwamba kitu kinahamishwa na ishara yake inageuzwa.

Halafu sehemu. Mpeni nusu kujumlisha thuluthi. Akiandika 2/5, msimsahihishe upesi. Mwulizeni kati ya 2/5 na nusu ni ipi kubwa zaidi. Mtoto anayegundua mwenyewe kwamba amejumlisha kitu kwenye nusu akapata kitu kidogo kuliko nusu ana hisia ya nambari, na kosa lake litarekebika kwa muda mfupi. Asiyeshtuka anafuata kanuni ambazo hazina maana kwake, na huyo ndiye ninayemwombea muda. Mpeni pia 3 gawanya kwa nusu, kisha mwambieni atunge hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Akisema kwamba lita 3 za maziwa zinajaza pakiti 6 za nusu lita, ameelewa. Akisema kwamba aligeuza sehemu juu chini na kuzidisha kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, jibu lake ni sahihi lakini uelewa haujakaa.

Nambari hasi ni rahisi kuzipima hapa kwetu, kwa kuwa Fuliza, ile huduma ya M-Pesa ya kukopa salio lisipotosha, imeingia karibu kila nyumba. Mtu anadaiwa shilingi 200 na Fuliza, anatumiwa shilingi 500. Tukiacha ada kando, amebaki na ngapi? Watoto hujibu 300 bila kusita, nanyi mnaweza kuwaonyesha kwamba wamekokotoa −200 + 500. Ugumu huanza kwenye 3 − (−5) na kwenye tofauti kati ya (−3)², ambayo ni 9, na −3², ambayo ni −9. Haya ya mwisho mtoto anaruhusiwa kutoyajua, kwa kuwa ndiyo kozi yenyewe inayokuja kuyafundisha.

Mwisho, herufi. Ikiwa x ni 4, je, 3x ni ngapi? Wako watakaosema 34. Na 2(x + 3) ni sawa na nini? Wengi watasema 2x + 3, wakimsahau yule wa pili ndani ya mabano.

Mtakavyoamua kutokana na hayo ni hivi. Mtoto aliyekwama kwenye sehemu na kwenye alama ya sawasawa asianzishiwe kozi yoyote ya maandalizi ya aljebra kwa sasa, hata kama umri wake unasema ni wakati. Apewe muhula mmoja wa sehemu, desimali na uwiano, polepole, kwa mifano ya vitu anavyovishika. Mtoto aliyekosea kwenye nambari hasi na herufi pekee yuko tayari, na karibu kozi yoyote iliyoandikwa vizuri itamfaa. Aliyepatia yote na akaeleza sababu hahitaji mwaka mzima wa kurudia. Atachoka, na uchovu huo unaweza kumfanya aichukie hisabati akiwa bado anaipenda.

Mama kutoka Roysambu

Hujambo Mwalimu, na asante kwa uzi huu. Binti yangu ana miaka 12 na anatumia ACE. Katika vijitabu vya hisabati hapati chini ya asilimia 90, nami nilikuwa nimeshaamua kuendelea na vijitabu vya kiwango cha 8. Nimesoma maelezo yako nikamwandikia lile swali la 8 + 4. Ameandika 12. Nimeshangaa sana, na sasa sijui kama zile alama zote zilikuwa na maana.

Mwanzisha uzi

Sijambo Mama, na pole kwa mshtuko huo. Alama za binti yako zina maana: zinaonyesha kwamba anaweza kufuata maelekezo yaliyoandikwa, kufanya kazi peke yake na kuikamilisha, na huo ni uwezo ambao watoto wengi wa umri wake hawana. Kile ambacho hazionyeshi ni kama anaweza kufikiri pale ambapo mfano uliotangulia haufanani na swali.

Katika mfumo wa ACE kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, na mwanafunzi husoma maelezo, hufanya mazoezi yanayofuata, kisha husahihisha mwenyewe kwa kutumia kitabu cha majibu. Mfumo huo una faida kwa familia ambayo mzazi hawezi kusimama ubaoni kila asubuhi. Udhaifu wake ni kwamba mtoto mwerevu huweza kutazama mfano wa juu, kuiga umbo lake na kupata yote, bila mtu yeyote kumwuliza kwa nini. Kwenye hesabu za kawaida jambo hilo huweza kupita bila madhara makubwa, lakini kwenye aljebra haliwezi.

Sikushauri umwondoe kwenye mfumo aliouzoea. Ninakushauri usimamishe hisabati ya vijitabu kwa wiki chache, umpe kila siku milinganyo ya namna hii: 15 − __ = 9 + 2, au __ × 3 = 20 + 4, na pia za kusema ni kweli au si kweli, kama 7 + 6 = 6 + 7 na 12 = 5 + 7. Hiyo ya mwisho huwasumbua watoto kwa sababu jibu limetangulia. Akizizoea, mrudishe kwenye vijitabu, na tangu hapo kila ukurasa anaoumaliza mchagulie swali moja akueleze kwa mdomo. Dakika kumi zinatosha, na hazihitaji mzazi awe bingwa wa hisabati, zinahitaji asikilize.

Baba kutoka Lang'ata

Mwalimu, sisi tumekwisha kuamua kwamba kijana wetu atafanya IGCSE, mtihani wa sekondari wa Cambridge, kama mtahiniwa binafsi. Rafiki yetu aliyerudi kutoka Marekani ametuachia seti nzima ya Saxon, ikiwa haijaandikwa ndani. Mke wangu anaona tungenunua vitabu vya Cambridge tangu sasa. Mimi naona ni hasara kuacha vitabu vizuri vilivyo rafuni. Unatushauri nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nyote wawili mna hoja. Nguvu ya Saxon ni kurudiarudia: kila somo huleta jambo dogo jipya, na mazoezi yake huchanganya yale ya leo na yale ya wiki na miezi iliyopita, hivyo mtoto hapati nafasi ya kusahau. Kwa mtoto anayejifunza upesi na kusahau upesi, mpangilio huo ni tiba. Kwa mtoto anayetaka kuzama katika jambo moja hadi aone mzizi wake, unaweza kumfanya ahisi kwamba anakatizwa kila siku. Huyo hupendezwa zaidi na mpangilio wa Math-U-See, ambao hukaa kwenye mada moja hadi iive, na hutumia vipande vya plastiki vya kushika ili mtoto aone kwa macho kinachotendeka. Mjue kijana wenu ni yupi kati ya hao.

Lakini mtihani mliouchagua una sauti yake. Katika silabasi ya hisabati ya IGCSE yenye nambari 0580, tangu mitihani ya 2025 mwanafunzi hufanya karatasi moja bila kikokotoo na nyingine akiwa nacho, awe katika ngazi ya msingi au ile iliyopanuliwa. Hapo Saxon itamsaidia, kwa sababu mazoezi yake mengi ni ya mkono. Mahali itakapomwacha ni kwenye mabadiliko ya maumbo, yaani kuzungusha, kuakisi, kusogeza na kukuza, na pia kwenye takwimu na uwezekano, ambayo Cambridge huyapa nafasi kubwa tangu hatua ya 7. Kuna pia mambo ya lugha na vipimo: vitabu vya Marekani vitampa inchi, maili na pauni; vitaandika mlinganyo wa mstari kuwa y = mx + b ilhali hapa na Uingereza tunaandika y = mx + c; na umbo ambalo sisi tunaliita trapezium watamwandikia trapezoid. Mtoto akielezwa mapema hayatamtatiza, ila mtu lazima amweleze.

Kwa hiyo tumieni seti hiyo mwaka huu, kwa kuwa mmekwisha kuwa nayo, na mnunue kitabu kimoja tu cha Cambridge cha hatua ya 7 au ya 8 kwa ajili ya jiometri na takwimu, siku mbili kwa wiki. Mwaka unaofuata mhamieni Cambridge kabisa. Msiahirishe hadi miaka miwili ya mwisho, kwa sababu mtindo wa maswali ya mitihani nao hujifunzwa, na haujifunzwi kwa haraka.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Nimesoma mchango wa kila mmoja kwa makini, na ningependa kutofautiana kidogo na mwenzangu aliyeanzisha uzi. Nimefundisha hisabati katika shule za umma tangu enzi za 8-4-4. Sielewi kwa nini tunajadili vitabu vya Marekani ilhali vipo vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, vinavyouzwa hapa mjini kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu, vyenye mifano ya shilingi, kilomita na shamba la mahindi. Mtoto akitaka kurudi shuleni kesho, vitabu hivyo ndivyo atakavyovikuta. Kwa nini mtoto wa Kenya aongezewe mzigo wa kutafsiri vipimo?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, ninakubaliana nawe zaidi ya vile uzi ulivyoonyesha, na ninashukuru kwamba umelisema. Kwa familia yoyote inayofikiri kwamba huenda mtoto akarudi katika shule ya kawaida, vitabu vya KICD ndivyo vya kuanzia, na mengine yawe nyongeza. Wazazi wakumbuke kwamba kuingia sekondari ya juu sasa hakutegemei mtihani wa siku chache: tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9 huchangia asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 nyingine. Hizo za shuleni huingizwa na shule. Mzazi anayetaka mtoto wake ahesabiwe katika utaratibu huo azungumze mapema na shule iliyosajiliwa, kabla mtoto hajaanza Gredi ya 7, wala asingoje Gredi ya 9 ndipo aulize.

Ninapotofautiana nawe ni hapa. Vitabu vyetu vya Gredi ya 7 na ya 8 viliandikwa kwa kudhani kwamba kuna mwalimu darasani na wanafunzi wenzake wa kufanya nao kazi. Utakuta maelekezo ya mtoto kujadiliana na wenzake, kukusanya data katika kikundi, kisha maelezo mafupi, kisha mazoezi. Mikononi mwako, Mwalimu, kitabu hicho kinatosha kabisa. Mikononi mwa mtoto aliyekaa peke yake mezani huko Umoja, ilhali mama yake yuko kazini, maelezo hayo mafupi hayamfikishi. Baadhi ya kozi za nje ziliandikwa hasa kwa ajili ya mtoto anayejisomea, na ndiyo sababu wazazi huzikimbilia. Mzazi mwenye saa moja kila siku ya kukaa na mtoto achukue ushauri wako bila kusita.

Mama kutoka Umoja

Umeitaja Umoja, Mwalimu, nami ndiye huyo mama aliye kazini. Ninatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Mwanangu husoma akiwa na bibi yake. Tuna simu moja ya intaneti na vifurushi ninavyovinunua kila wiki. Ana miaka 13, na ndugu zangu husema amechelewa kwa sababu binamu zake wanashughulika na milinganyo na yeye bado yuko kwenye sehemu. Sina uwezo wa kuagiza vitabu kutoka nje. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Mama, hali yako ndiyo hali ya wengi wanaousoma uzi huu kimyakimya, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Khan Academy ina kozi kamili ya maandalizi ya aljebra, ni ya bure, na husahihisha kazi papo hapo. Kinachokula data ni video. Mazoezi yenyewe ni mepesi. Kwa hiyo mwanao asianze kwa video. Afanye mazoezi kwanza, na video afungue pale tu anapokosea mara ya pili. Afanye kila hesabu kwenye daftari kabla ya kubonyeza jibu, kwa sababu kwenye simu mtoto anaweza kukisia hadi apatie, au kubonyeza vidokezo mpaka jibu lijitokeze, na programu ikamwonyesha kwamba amepiga hatua. Jioni utazame daftari, usitazame alama za kwenye simu. Nunua pia kitabu kimoja cha Gredi ya 7 kilichoidhinishwa, kwa ajili ya siku ambazo kifurushi kimekwisha au umeme umepotea.

Bibi yake pia ana nafasi katika somo hili, hata kama hakusoma hisabati. Mwambie mtoto amfundishe bibi jambo moja alilojifunza siku hiyo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na bibi aulize, "Kwa nini?" kila asipoelewa. Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake kwa nini bei ya shilingi 1,000 ikipunguzwa kwa asilimia 20, kisha ikapandishwa kwa asilimia 20, inaishia 960 badala ya kurudi 1,000, ameishika asilimia kwa namna ambayo mtihani wa kuchagua majibu hauwezi kuipima.

Ama kuhusu kuchelewa, naomba usiyabebe maneno ya ndugu zako. Mtoto wa miaka 13 anayezimaliza sehemu kwa kuzielewa mwaka huu ataweza kuipita kozi ya maandalizi kwa miezi michache, kwa sababu kiasi kikubwa cha kozi hiyo ni sehemu, uwiano na asilimia zilizovikwa herufi. Aliyesukumwa kwenye milinganyo bila sehemu atasimama mara tu atakapokutana na x/3 + x/4 = 7, na hapo itabidi arudishwe nyuma akiwa mkubwa zaidi na mwenye haya zaidi.

Anza na sehemu zenye asili moja, kisha zenye asili tofauti, kisha desimali, kisha asilimia. Akifika kwenye asilimia, mpe tena yale maswali ya aina nne ya mwanzo wa uzi, uniandikie hapa alivyoyaeleza kwa maneno yake mwenyewe, nami nitakuambia aanzie sura ipi.